Rudisheni Kelele Zetu, Upepo FM

Koboko,
Jumatatu.

Kwa Meneja,
Redio Upepo FM,
Arua.

Bwana Meneja mheshimiwa,

YAH: KUPOTEA KWA KELELE

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta uko macho, ingawa kwa muziki mnaotupigia tangu mwezi uliopita sina hakika kama hapo ofisini kuna mtu yeyote aliye macho.

Naitwa Margarita, mjane wa marehemu Sajenti Fadhul Soka. Nimefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mmoja, sasa nimestaafu. Nilizaliwa kambini, baba yangu akiwa mpishi wa jeshi, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyofundishwa sala nayo na kutukanwa nayo, mara nyingine siku moja. Nakueleza haya usije ukadhani barua imeandikwa na mtu asiyejua anachosema. Najua, tena niliyaandika kwanza kwenye daftari, nikayasahihisha, ndipo nikayanakili hapa.

Mimi ni msikilizaji wenu tangu siku ya kwanza mlipoingia hewani. Mshale wa redio yangu haujawahi kuhama, na sasa hata nikitaka kuuhamisha umeganda. Mlikuwa redio ya watu. Asubuhi mtangazaji wenu Obitre alipiga kelele za mtu aliyeona moshi juu ya paa la jirani. Ikaja ngoma, ikaja rumba ya Kongo, yakaja matangazo ya mabati, wakaja wanaume wawili wanaogombania mpira ambao wala hawakuutazama, yakaja matangazo ya vifo, halafu ngoma tena. Mtu alijua saa ya kuinjika chungu na saa ya kuipua bila kutazama ukutani.

Kisha Jumatatu moja, bila kumwuliza mtu, Obitre akanong'ona: "Upepo FM. Tulia." Nikajua amefiwa. Nikakaa kitako kusubiri atuambie nani. Badala yake kikaja kinanda. Baada ya kinanda ikaja filimbi, na baada ya filimbi kinanda kikarudi, na ndivyo ilivyo hadi leo. Nasikia wataalamu kutoka Kampala waliwashauri kwamba msikilizaji anataka kupumzika. Bwana Meneja, ni nani aliyewaambia kwamba Koboko tumechoka? Aliyechoka aseme jina lake.

Malalamiko yangu ni sita. Nimeyapa namba ili usiseme umepotea njiani.

KWANZA, MVUA. Wiki ya pili ya huo utulivu wenu mlianza kupiga sauti ya mvua. Sisemi wimbo wa mvua. Nasema mvua yenyewe, na radi ikinguruma kwa mbali. Huu ni mwezi wa Januari, na mwenye nyumba yeyote Koboko ameanika muhogo. Mimi nilikuwa ndani nikipepeta simsim, nikasikia mvua, nikatoka mbio na miaka yangu sitini na minane, nikakunja turubai na muhogo wangu wote, nikaburura hadi ndani. Nilipotoka kutazama, mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani. Nikaanika upya. Baada ya nusu saa ikanyesha tena. Siku ile nilianua muhogo mara tatu, na uliokaa umekunjwa umeota ukungu.

Shafiki, fundi wa baiskeli aliye jirani yangu, ambaye si mpumbavu, alifunika vyuma vyake vyote, akasimama barabarani amekinga kiganja. Akaniuliza, "Mama, hii mvua iko nanyesha wapi?" Naomba mmjibu kwa maandishi.

Kibaya zaidi, mke mwenzangu, ambaye jina lake sitaliandika kwa sababu zitakazoonekana chini ya namba sita, naye alitoka mbio na turubai lake kwa mvua hiyohiyo. Tukagongana katikati ya uwanja. Tukalazimika kutazamana. Hatukuwa tumetazamana tangu matanga ya mume wetu, miaka sita iliyopita, na sote tulikuwa tunaendelea vizuri.

PILI, MPAKA. Mtoto wa dada yangu, Tahiru, anatoa mizigo forodhani pale Oraba. Anasema wapagazi wote walizoea kubeba kwa mwendo wa redio yenu: ngoma ikikaza, gunia linakwenda. Sasa mtu anajitwika gunia, anasikia filimbi, anatua gunia, anakalia. Alhamisi iliyopita dereva aliyekuwa mbele kabisa kwenye mstari alilala juu ya usukani akiwasikiliza ninyi. Malori kumi na manne yakasimama nyuma yake. Wenzetu wa upande wa pili wa mpaka, kule Kaya, walipoona hakuna kinachovuka wakaamini mpaka umefungwa, wakaanza kupanga mawe barabarani. Tahiru alipomwamsha yule dereva, hakuomba hata radhi. Alisema, "Wacha kwanza, hii nyimbo iishe." Sasa ikitokea vita kati ya nchi mbili kwa ajili ya filimbi, mtajibu nini?

TATU, VIFO. Hapa, Bwana Meneja, naomba uweke kikombe chako chini usikilize.

Tangazo la kifo kwetu si habari tu. Ndipo ukoo unapoitwa kwa majina mbele ya watu wote: waliopo Vurra wasikie, walioko Aru wasikie, yule kijana aliyepotelea Juba asikie. Anayetajwa kwanza ndiye wa kwanza. Aliyesahaulika kwenye tangazo ni kama hakuwahi kula katika nyumba ile. Obitre wa zamani aliyasoma kwa sauti ya mtu anayefukuzwa na mbwa, na kila mtu alijua kuna msiba. Leo anayasoma kwa sauti laini, kinanda kikicheza chini, na huwezi kujua kama mtu amefariki au amefunga ndoa.

Mzee Acidri wa Adumi, baba mkwe wa binti yangu Prossy, alikuwa anabangua karanga pale mlipotangaza kifo cha binamu yake wa Vurra. Alisikia jina, akasikia kinanda, akatikisa kichwa kwa furaha akasema, "Hawa watu naongea nzuri sana siku hizi." Akaendelea na karanga zake. Alifika Vurra siku tatu baada ya mazishi, amebeba jogoo, anatabasamu. Wafiwa hawajamsamehe. Jogoo walimchukua.

NNE, UGOMVI. Wanawake wa pampu yetu ya maji wameshindwa kugombana. Zamani duka la pembeni lilifungua redio yenu mpaka mwisho, na mtu aliweza kumwambia mwenzake jambo lolote, kwani nusu yake haikusikika. Juzi Lillian na mwenzake walianza vizuri tu kuhusu nafasi ya jerikeni. Lakini filimbi yenu ilikuwa chini mno, kila mmoja akasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani, mazima mazima. Wakaona aibu. Lillian akamtekea mwenzake. Mila zinakufa namna hii, tukiangalia.

TANO. Namba hii nimeifuta. Ilimhusu kuku wangu, na kwa haki ni lazima nikiri kwamba tangu mlipobadilisha muziki anataga kila siku.

SITA, UKUTA. Sasa nafika kwenye kiini, na hapa sitanii.

Marehemu mume wangu alijenga nyumba mbili katika uwanja mmoja, milango ikitazamana, hatua kumi na mbili kati yake. Nimezihesabu. Mimi ni mke wa kwanza. Nilibaki na kanisa langu, Sajenti na msikiti wake, na kwa miaka mingi watoto wetu walisherehekea sikukuu nyingi kuliko watoto wote wa Koboko. Mke wa pili alipokuja, niseme ukweli, hatukugombana. Aliniita Mama Mkubwa. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja saa kumi, na alitia vijiko vitatu vya sukari nikamwambia utakufa, akacheka.

Sajenti alifariki hospitalini Arua alfajiri. Mke mwenzangu ndiye aliyekuwa naye. Mimi nilikuwa hapa natayarisha nyumba ya kumrudishia, maana tuliambiwa anapata nafuu. Yeye ndiye aliyepita hapo kwenu asubuhi ile kupeleka tangazo. Na mimi nilikaa kwenye mkeka, wanawake wakiwa wamenizunguka, redio katikati, nikamsikia Obitre kwa sauti yake yote: "Marehemu ameacha mjane, Sadiya, watoto saba na wajukuu wengi."

Basi, jina nimekwisha kuliandika. Mjane, alisema. Mmoja. Mimi niliyempikia mtu yule miaka thelathini na minane, niliyembebea watoto wake wawili mgongoni wakati wa vita hadi ng'ambo ya mpaka, sikuwemo. Wanawake waliacha kunitazama. Alizikwa kabla jua halijazama, kwa desturi ya dini yake, na mimi siku ile sikumlilia mume wangu. Sikupata nafasi. Nilikuwa nimejaa aibu.

Baada ya matanga, Sadiya alikuja mlangoni kwangu siku tatu mfululizo. Alisimama, midomo inakwenda. Sijui alikuwa anasema nini, kwa kuwa kila alipofungua kinywa niliongeza sauti ya redio. Siku ya nne hakuja. Mwezi uliofuata naye akanunua redio, kubwa kuliko yangu, akaiweka dirishani. Toka hapo tumeishi kwa heshima. Mimi nikifungua Upepo FM kwa nguvu, yeye anafungua Upepo FM kwa nguvu, kwa sababu hakuna kati yetu aliye tayari kukosa matangazo ya vifo. Kelele zenu zilijaa zile hatua kumi na mbili kama matofali. Debe tupu haliachi kuvuma, ni kweli, lakini lile lilikuwa debe letu, na lilitusetiri miaka sita.

Mmelibomoa. Sasa hata nikifungua sauti hadi mwisho, kinachotoka ni filimbi, na nyuma ya filimbi namsikia Sadiya. Namsikia akikohoa asubuhi, kikohozi kikavu ambacho hakuna anayekishughulikia. Namsikia akimgombeza mbuzi wake kwa lugha ya kambini. Namsikia akikoroga chai saa kumi, vijiko vitatu, anakoroga muda mrefu kwa sababu hana wa kuzungumza naye. Juzi alipomaliza kuswali nilimsikia akimwombea marehemu, bado anamwita Sajenti, na baada ya jina lake akaanza kutaja jina jingine. Niliingia chumbani haraka nisilisikie. Bwana Meneja, mimi nina umri wa kuheshimiwa. Sikustahili kukimbizwa ndani ya nyumba yangu na kinanda.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote ni madogo.

Kwanza, rudisheni kelele mara moja, pamoja na wale wanaume wawili wa mpira. Pili, kama hilo haliwezekani, redio yako ijenge ukuta wa matofali ya kuchoma katika uwanja wangu, urefu wa mtu na nusu, usio na mlango wala tundu. Tatu, kama hata hilo litawashinda, mtumeni Obitre mwenyewe hapa Koboko. Nitampa kiti katikati ya uwanja na uji wa simsim. Kazi yake itakuwa kupiga kelele kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na Jumapili atapumzika wakati niko kanisani, ingawa wakati huo Sadiya yuko nyumbani, kwa hiyo pengine asipumzike.

Usiponijibu ndani ya majuma mawili nitaandika kwa wizara, kwa askofu, kwa sheikh wa wilaya, na kwa kamanda yeyote aliyemfahamu mume wangu na bado anaweza kusimama.

Nafunga kwa heshima. Nisalimie Obitre, mwambie anywe maji ya moto, labda ni koo. Msalimie mlinzi wa getini. Salamu ziwafikie wasikilizaji wenzangu wote wa Arua, Adumi, Vurra na Oraba, hata na wale wa Aru na Kaya, ng'ambo ya mpaka, wanaotusikiliza bila ruhusa. Zimfikie Tahiru na wapagazi wake, Shafiki fundi wa baiskeli, Lillian wa pampuni, Mzee Acidri na jogoo wake kama yupo hai, binti yangu Prossy, na wote wanaonifahamu, isipokuwa mmoja ambaye anajijua.

Ni mimi msikilizaji wenu mwenye uchungu,

Mwalimu mstaafu Margarita,
mjane wa Sajenti Fadhul Soka.

N.B. Bwana Meneja, barua hii ilikuwa imekwisha kufungwa. Dereva aliyekuwa aipeleke Arua hakuondoka jana wala juzi. Leo ni Jumatano, na nimeifungua tena kwa kisu, ndiyo maana bahasha imechanika.

Prossy amekuja leo kututazama. Kama kawaida yake alianzia kwa Sadiya, maana anasema kwangu atakaa muda mrefu. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Nilikaa mlangoni nachagua maharage, redio zote mbili zimefunguliwa, na Obitre akasoma taratibu kama anavyosoma siku hizi. Alipomaliza kikabaki kinanda peke yake. Ndipo nilipomsikia Sadiya, wazi kabisa, bila mimi kutaka, akimwambia binti yangu:

"Mimi niliandika jina ya mama yako ya kwanza. Wajane wawili, Margarita na Sadiya. Mutu ya redio akasema karatasi iko mrefu, dakika naisha. Akauliza, wewe ni nani? Nikasema Sadiya. Basi akabakisha ile iko mbele yake. Nilikuja kuambia Mama Mkubwa siku tatu. Lakini redio yake ilikuwa juu, hapana sikia."

Nilimwaga maharage.

Prossy alivuka uwanja akaniletea karatasi ileile, mliyomrudishia Sadiya siku hiyo. Miaka sita Sadiya ameitunza ndani ya kitabu chake cha dua. Ni ukurasa wa daftari la mtoto, wino wa bluu, mwandiko wake ule unaopanda mlima. Jina langu lipo, tena la kwanza. Juu yake kuna mstari wa kalamu nyekundu, na pembeni mtu wenu ameandika neno moja: "ndefu." Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na mmoja. Mwandiko wa Sadiya naujua, na mstari ule si wake.

Alikuja siku tatu. Mimi ndiye niliyeongeza sauti.

Nilivuka zile hatua kumi na mbili. Tuliyoyasema hayaihusu redio. Chai yake bado ina vijiko vitatu, nami nilikunywa hivyohivyo. Lile jina la pili analotaja katika dua, nilimwuliza, akaniambia ni langu, na sasa nimemlilia mume wangu kama ipasavyo.

Kwa hiyo, Bwana Meneja, malalamiko namba moja hadi sita nayafuta, pamoja na namba tano ambayo nilikuwa nimekwisha kuifuta. Kelele msizirudishe. Obitre abaki hukohuko. Wapagazi wa Oraba wavumilie, na kule kwenye salamu naomba usome "bila kumwacha hata mmoja."

Lakini limebaki jambo moja, na hili silifuti. Ndani ya bahasha mtakuta ile karatasi. Isomeni upya. Najua marehemu ana miaka sita kaburini na hakuna atakayewahi mazishi. Isomeni hivyohivyo, taratibu, kwa sauti hiyo laini mliyoipata, na majina yote, watu wa Vurra wasikie, wa Aru wasikie, na wale wanawake wa kwenye mkeka wasikie. Mkitaka kuweka na ile mvua yenu, wekeni. Muhogo umeingia ndani.

Barua hii hatumpi tena dereva. Anayewakabidhi ni Sadiya mwenyewe, yeye anajua njia ya hapo kwenu. Mtu wenu akimwuliza tena, wewe ni nani, tafadhali ainue na macho. Mimi ndiye niliyesimama nyuma yake.